Muziki Ulipozimwa, Samaki Mmoja Alicheza

Fiona alijua. Tuanzie hapo hapo, tusizungushane. Alijua tangu Februari, na sasa ilikuwa Agosti, na katika miezi yote hiyo hakumwambia yule mmoja aliyekuwa na haki ya kuambiwa. Ukimwona anavyopendeza, anavyowaamkia watu vizuri, usingedhani. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi hiyo asubuhi alisimama mbele ya kioo katika chumba alichopanga pale Morningside, Durban, akajipaka poda, akaifuta, akajipaka tena. Saa nne walikuwa na miadi kliniki, kupima masikio ya mtoto. Mtoto hakuwa wake. Alikuwa wa Athanase, na Athanase ndiye aliyempigia simu jana yake akamwomba aje nao, kwa ile sauti yake ya taratibu. Alisema binti yake Larissa hatakubali kuvikwa vyombo masikioni na mgeni, lakini kwa Ticha Fiona atakubali chochote.

Angewezaje kukataa? Na angewezaje kwenda, akakae katikati ya baba na mtoto, apokee shukrani zisizo zake? Alichukua mkoba, akatia ndani samaki kumi wa plastiki kutoka kwenye kapu la darasani, akatoka. Njia nzima alikuwa akiomba robot zote, taa za barabarani kwa lugha ya huku, ziwe nyekundu.

Kazi ya Fiona ni kuwachezesha na kuwaimbisha watoto wa chekechea. Alitoka Nakuru miaka minne iliyopita kuja kusomea shahada ya pili ya malezi ya watoto wadogo, akamaliza, akapata kazi, akakaa. Muhula wa kwanza wa mwaka huwa ni wa bahari, maana watoto wa Durban bahari wanaiona kila Jumapili na hawahitaji kuchorewa. Chumba kinageuka maji. Kuna kitambaa cha buluu, kirefu kuliko pazia la kanisa, watoto wanakishika kingo na kukitikisa huku wenzao wakipita chini yake kwa magoti, wao ndio nyangumi. Kuna chupa za plastiki zilizotiwa mchele za kufanya sauti ya mawimbi. Kuna kutembea kama kaa, kwa ubavu, na kuna kuwa pweza wenye mikono ya riboni. Lakini mchezo wanaoupigania ni wa samaki wanaolala. Muziki ukipigwa, samaki wote wanaogelea. Muziki ukizimwa, wote wanaganda palepale walipo, hata pumzi hawavuti, mpaka wimbi lipite.

Siku moja ya Februari Fiona aliwaambia waogelee wakiwa wamefumba macho. Wakafumba. Akaufikisha wimbo katikati, akazima spika. Samaki kumi na saba wakaganda. Wa kumi na nane akaendelea. Alikuwa Larissa, miaka minne na nusu, mikono nyuma, kidevu juu, akizunguka katikati ya wenzake kwa raha zake bila habari. Watoto wakacheka. Larissa akafumbua macho, akaona kila mtu amesimama, naye akasimama akacheka nao.

Fiona hakucheka. Haya alikuwa ameyasoma kitabuni na kuyafanyia mtihani. Watoto walipokuwa wakinywa maziwa alipita nyuma ya Larissa na ile chupa ya mchele, akaitikisa polepole kwenye bega la kulia, kisha la kushoto. Akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Mtoto alikuwa akihesabu biskuti zake. Hakugeuka.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angemwita baba wa mtoto jioni ileile, akamkalisha, akamweleza. Na Fiona alikusudia hivyo, Mungu shahidi. Saa kumi na nusu Athanase akaja kumchukua mwanawe. Alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, aliyefiwa na mke, fundi wa simu mjini, mwenye vidole virefu na shati lililopigwa pasi na mwanamume mwenyewe, ungejua kwa kuangalia kola. Huko nyuma alikuwa akisimama getini dakika tano. Mwezi ule zilikuwa zimefika ishirini. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, naye alikuwa na miavuli miwili. Mmoja akampa Fiona, akasema ameona jana alivyoondoka amelowa.

Na palepale nyuma yake alikuwa amesimama dada yake mkubwa, Ghislaine, mwenye saluni kule Pinetown, akiwa amekuja kuiona hiyo shule inayosifiwa. Hakuisifu. Alisema mbele ya Fiona, bila hata kupunguza sauti, kwamba Morningside ni mbali na ni pa wenye kujisikia, na kwamba kukitokea shida kidogo tu na mtoto, yeye atamchukua akakae naye Pinetown, kuna shule nzuri mtaani kwake. Athanase akainama kumfunga Larissa kamba za viatu. Kwao, yaya, yaani dada mkubwa, akisema, mdogo hupima kwanza kabla ya kufungua kinywa.

Fiona akashika mwavuli, akapiga hesabu yake ya haraka. Nikisema, mtoto anakwenda Pinetown. Mtoto akienda Pinetown, huyu mtu hatasimama tena hapa. Akajiambia, kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na hizo kesho zikakua zikawa miezi.

Ingeishia kwenye kunyamaza tu, ungemhurumia. Fiona alifanya zaidi. Alibuni ishara. Kila anapotaka kuzima muziki alipandisha juu skafu ya buluu, na akamweka Larissa mstari wa mbele, uso kwa uso naye. Watoto wote wakajifunza skafu. Mkuu wa shule akaisifu, akasema ni mbinu nzuri ya kuwatuliza. Kuanzia hapo Larissa akawa wa kwanza kuganda kila mara, macho yake hayabanduki kwenye mkono wa mwalimu wake. Ujuzi wote ule aliosomeshwa kwa jasho la wazazi wake, Fiona aliutumia kumfunika mtoto asionekane.

Na mapenzi nayo hayakungoja dhamiri itulie. Mwezi wa nne Athanase alimsimulia habari ya mkewe, wakiwa wameketi ukutani ufukweni, Larissa akichimba mchanga mbele yao. Mwezi wa sita alimshika mkono na hakuuachia mpaka walipofika kwenye geti la nyumba yake. Ghislaine alipopata habari alipiga simu siku tatu mfululizo. Alisema ndugu yake ana wazimu, kuna wasichana wa Uvira wamejaa kanisani wanaojua kutwanga sombe, kisamvu cha kwao, na kuzungumza na watu wazima, naye anaokota Mkenya anayefundisha watoto kujifanya kaa. Athanase alimhadithia Fiona hayo huku akicheka. Fiona naye alicheka, akasukuma sahani yake pembeni.

Wiki tatu zilizopita gari la mboga lilikuwa likirudi nyuma uani shuleni, linapiga honi. Larissa alikuwa amechuchumaa nyuma yake akichora samaki sakafuni kwa chaki. Watoto wengine walikimbia. Yeye alikuwa anamalizia mkia. Fiona hajui alivyofika pale. Anakumbuka tu kumnyanyua mtoto kwa kwapa moja, na chaki kuvunjika, na Larissa kumtazama kwa mshangao kwa nini mchoro wake umeharibiwa.

Jioni hiyo alisema. Alimwambia Athanase kwamba mtoto pengine hasikii vizuri, apelekwe kupimwa. Athanase akamuuliza ameliona lini. Na Fiona, mtoto wa mchungaji, aliyelelewa kwa Biblia na fimbo, akasema, "Wiki hii."

Maneno mawili tu. Athanase alimshika mikono yote miwili palepale getini, macho yamemlowa, akasema Mungu ndiye alimweka pale kwa ajili yao. Jumapili yake Ghislaine alimtumia bakuli la sombe lenye samaki wakavu, limefungwa kwa kitambaa kipya. Baadaye akapiga simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akamwita belle-soeur. Wifi, yaani. Akasema mwanamke mwenye jicho la namna ile kwa mtoto asiye wake si wa kuachwa, na kwamba yeye Ghislaine alikuwa na kichwa kigumu, pardon, asahau yaliyopita, Jumapili ijayo aje wale pamoja waanze kuzungumza mambo ya kwenda kwa wazazi wake Nakuru.

Unaona sasa. Kila alichokuwa akikililia kwa miezi sita alipewa kwa uongo wa maneno mawili. Sombe ile alikula kijiko kimoja, iliyobaki akampa jirani.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la zamani mjini. Athanase alikuwa amefika mapema, amevaa shati jeupe, Larissa mapajani. Alipomwona Fiona alisimama, akampokea mkoba, akamuuliza amekula. Ndiyo maisha yake huyo mtu, kuuliza watu wamekula. Fiona akasema amekula. Uongo mwingine, ingawa huu mdogo.

Mpimaji alikuwa dada wa Kizulu aliyeitwa Nokwazi, kijana, mpole, anayezungumza Kiingereza cha pole pole. Aliwaingiza kwenye kichumba kidogo chenye kuta za sifongo na dirisha la kioo, akaeleza kazi. Mtoto atavaa vyombo masikioni. Kila akisikia mlio, hata ukiwa mdogo namna gani, atatumbukiza kitu kwenye ndoo. Larissa akaviona vile vyombo, akajificha nyuma ya mguu wa baba yake.

Fiona akapiga magoti sakafuni. Akamwaga samaki wake kumi wa plastiki, akavaa vyombo yeye kwanza, akajifanya amesikia kitu, akafumbua macho makubwa, akatumbukiza samaki kwenye ndoo. Akamwonyesha kwa mikono na kwa uso kwamba samaki akiita ndani ya sikio, anataka kurudi baharini, mtupe. Larissa akatoka nyuma ya mguu. Akavishwa. Akashika samaki wa njano kwa mikono miwili, akamtega kwenye sikio, amekaa wima, mtiifu, anangoja kuitwa.

Nokwazi nyuma ya kioo akaanza. Fiona aliweza kuona taa ndogo nyekundu kwenye mashine yake, inawaka kila mlio unapopigwa. Ikawaka. Larissa akangoja. Ikawaka tena, muda mrefu zaidi. Larissa akamtazama Fiona, akatabasamu, kumhakikishia kwamba yuko makini. Taa ikawaka, ikawaka, ikawaka. Athanase alikuwa ameketi kwenye kiti cha kona akitabasamu kumtia moyo mwanawe, na Fiona alilitazama tabasamu lile likififia kidogo kidogo, mpaka likaisha kabisa.

Kwenye taa ya tisa au ya kumi Larissa aliruka, akamtupa samaki hadi ndoo nzima ikatetemeka, akapiga makofi. Alifurahi mno. Ulikuwa mlio ambao hata Fiona aliusikia kupitia vyombo, kutoka alipokuwa amepiga magoti.

Walipomaliza, Nokwazi alimwingiza mtoto kifaa kidogo kinachopuliza hewa sikioni, akatoa karatasi, akaiweka mezani. Mstari uliopaswa kupanda kilima ulikuwa umelala chini. Masikio yote mawili. Akaeleza kwamba nyuma ya ngoma za masikio kumejaa maji mazito, mtoto anasikia kana kwamba ameweka kichwa chini ya maji. Si jambo geni kwa watoto, akasema, na linatibika. Athanase akashusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja.

Kisha Nokwazi akachukua kalamu. Akauliza ni tangu lini.

"Wiki tatu," Athanase alijibu kwa Kiingereza, bila kufikiri. Akamwonyesha Fiona kwa mkono, na fahari ilikuwamo katika mkono ule. "Mwalimu wake aliona siku ileile ilipoanza."

Nokwazi akamsifu Fiona, akaandika. Akasema kama ni wiki tatu basi hakuna haraka, mara nyingi maji hukauka yenyewe, utaratibu ni kungoja miezi mitatu. Warudi Novemba wapimwe tena. Ingekuwa ni ya muda mrefu ingekuwa habari nyingine, angemwandika leo hii kwenye orodha ya daktari wa upasuaji, kwa sababu maji yakikaa sana yanaweza kuharibu sikio lenyewe, na umri huu ndio wa kujifunza kusema. Lakini wiki tatu, hapana, wasiwe na hofu. Akafunga faili.

Fiona akamtazama Larissa. Alikuwa chini ya meza akiwapanga samaki kwa rangi. Miezi mitatu. Novemba. Angeweza kunyamaza, ndugu msomaji, tusidanganyane. Kunyamaza alikuwa amekuzoea, na Jumapili kulikuwa na chakula Pinetown, na shati jeupe lilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni. Pengine maji yangekauka yenyewe. Mama yake alikuwa na msemo alioutumia kwa waumini wanaoficha kikohozi: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa anayeficha alikuwa mmoja, na wa kuumia alikuwa mwingine kabisa.

"Si wiki tatu," akasema.

Nokwazi akainua uso. Athanase akageuka polepole, bado hajaelewa, akidhani labda amekosea Kiingereza chake.

"Ni tangu Februari. Niliona mimi. Alikuwa hasikii muziki ukizimwa. Nilimpima na chupa, kulia na kushoto. Kila wiki tangu hapo nimeona, na imekuwa ikizidi." Akaisukumia karatasi mbele ya Nokwazi. "Tafadhali mwandike leo."

Nokwazi hakuuliza lolote zaidi. Watu wa kazi ile wameona mengi. Alifungua faili, akafuta, akaandika upya, akapiga simu mbili, akatoa karatasi yenye muhuri. Wiki mbili, akasema, daktari atamwona. Kisha akapata sababu ya kwenda chumba cha pili.

Walitoka hadi kwenye korido, mwisho wake, penye benchi na dirisha la kuangalia paa za maduka. Larissa akakaa sakafuni mbele yao na samaki wake. Athanase alikuwa ameishika ile karatasi bila kuikunja. Hawakuwa na haja ya kunong'ona mbele ya mtoto, na hilo nalo likamchoma Fiona mahali pake.

"Februari," Athanase alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile ya mvua, nilikuletea mwavuli. Ulikuwa unajua?"

"Siku hiyohiyo ndiyo nilijua."

"Na siku tuliketi pale bahari, nikakuelezea kifo ya mama yake. Nikakuambia huyu mutoto ndiye kitu nilibakia nayo."

"Nilikuwa najua, Athanase."

Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Ju ya nini haukuniambia?"

Fiona alikuwa na majibu tayari. Aliyatunga miezi yote, mazuri, ya kisomi, kwamba alitaka kuwa na hakika, kwamba watoto wengine huchelewa kuitikia, kwamba aliogopa kumtia baba hofu ya bure. Yote yakamkimbia. Lililobaki lilikuwa la aibu, akalisema hivyo hivyo.

"Dada yako alisema kukitokea shida atamchukua Pinetown. Akienda, usingekuja tena pale getini. Nilitaka uje."

Athanase akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma kioo cha simu iliyovunjika kuona kama bado kuna kitu ndani.

"Mimi ningekuja," akasema. "Hata angeenda Pinetown, hata angeenda Canada. Ningekuja kwa ju yako. Ulikuwa uniulize tu."

Fiona akaziba mdomo kwa mkono. Ni jambo moja kuiba. Kugundua kwamba ulichoiba kilikuwa chako tangu mwanzo, ulichotakiwa kufanya ni kuomba, hilo halina jina. Machozi yakamtoka, na hakujiona ana haki nayo, akayafuta kwa hasira.

Alidhani hapo ndipo mwisho. Alidhani sasa atasimama, atamchukua mwanawe, ataondoka, na angekuwa na haki. Lakini Athanase alikuwa ameinamisha kichwa, na alipoanza tena kusema alikuwa akisema na sakafu.

"Kila wiki nilikuwa nakuuliza, Larissa anasikiliza darasani? Unaniambia anasikiliza sana, ndiye wa kwanza kusimama. Basi mimi nikafikiri. Shuleni anatii, nyumbani ninaita mara tano hageuki. Nikasema huyu mutoto ananidharau. Ju hana mama, ju mimi ni mulegevu. Yaya naye akasema hivyo, mutoto iko na kichwa nguvu, mukaze."

Fiona akaanza kuelewa. Mwili wake ulielewa kabla ya akili.

"Athanase..."

"Mwezi wa tano nilimchapa." Alilisema neno lile kwa shida. "Pale kwenye robot, karibu na duka. Aliniacha mkono, akaanza kuvuka. Nikamwita. Nikamwita mara tatu, Fiona, kwa nguvu, watu wote waligeuka, yeye hakugeuka. Nikamkimbilia nikamchapa mbele ya watu. Na yeye hakulia. Alikuwa ananiangalia mudomo. Ananiangalia tu mudomo, hivi. Nikafikiri ni jeuri, nikamuongeza."

Chini, Larissa alikuwa akiwaogelesha samaki wawili hewani, wanakwenda, wanarudi, kwa wimbo aliokuwa nao kichwani mwake.

Fiona hakusema pole. Kuna pole ambazo ni matusi. Alikaa akiwaza mkono ule mpole ukipanda na kushuka, mwezi wa tano, yeye akiwa labda wakati huohuo anakunja kitambaa chake cha buluu, anapokea sifa za skafu. Kila pigo aliliweka mwenyewe pale. Hakuna mtu mwingine wa kumbebesha.

Simu ya Athanase ikaita. Jina lilionekana wazi kwenye kioo: Yaya. Fiona akafumba macho. Sasa, akajiambia. Sasa Pinetown yote itajua, na kanisa lote, na hiyo ndiyo haki yake.

"Yaya. Ndiyo, tumemaliza. Iko na maji ndani ya masikio, mbili zote. Watafanya opération. Hapana, si hatari sana, itapona." Akasikiliza. Ghislaine alikuwa na maneno mengi, yalisikika yakivuma. "Fiona? Iko hapa." Akamtazama kidogo, akaangalia dirishani. "Walitaka tungoje mpaka Novemba. Yeye ndiye aliwakatalia. Yaya, nitakupigia nyuma."

Akakata. Hakuna alichodanganya, na hakuna alichomsitiri sana. Fiona alijua wema ule hakuustahili, ukamwingia kwa uzito kuliko tusi. Akasema, maneno yakimtoka moja moja, kwamba Jumapili atakwenda Pinetown mwenyewe, atamweleza Yaya Ghislaine yote kwa kinywa chake, kila mwezi, kila wiki. Kwamba leo mchana atamweleza mkuu wa shule, akifukuzwa kazi na afukuzwe. Kwamba hataomba asamehewe, kwa sababu hajui aombe kwa mdomo gani.

Mabega ya Athanase yalikuwa yameanza kutikisika. Mwanamume yule aliyemzika mkewe bila kulia mbele ya watu, alikuwa ameinama kwenye benchi la korido la kliniki, karatasi yenye muhuri imebanwa usoni, analia bila sauti, na mwanawe yuko hatua mbili kutoka kwake na hasikii.

Mkono wa Fiona ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umebakiza kidogo kufika begani.

"Usinishike," Athanase alisema.

Mkono ukasimama hewani, ukarudi. Ni sawa, akajiambia, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Akainama akawapungia Larissa na samaki wake, akauokota mkoba, akasimama. Alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili kuelekea ngazini aliposikia sauti yake tena, nzito, imelowa, bado imo ndani ya ile karatasi.

"Ila usiende."

Fiona akarudi. Akaketi mwisho kabisa wa benchi, mikono mapajani, mahali ambapo hata nguo yake isingemgusa, na akakaa.